Mkate Ambao Damari Hakuuonja

Inasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia Pasaka, watu wa kijiji cha Kwembilu walipokuwa wamelala wakingojea alfajiri, ilisikika sauti ya jiwe juu ya jiwe. Kwaru, kwaru, kisha kimya, kisha kwaru tena. Nani asagaye nafaka usiku wa manane? Wenye imani haba walijifunika gubigubi wakanong'ona kwamba ni wachawi. Wakristo hao, wamebatizwa wote, na bado walinong'ona hivyo! Hakuwa mchawi. Alikuwa Damari, mjane wa miaka kumi na tisa, mtoto wa miezi mitano mgongoni, akisaga mtama wa mkate wa Pasaka ambao wazee walikuwa wamemkataza kuuleta.

Nitaeleza, maana bila kueleza mtu hawezi kuuona ubaya wa katazo hilo.

Kwembilu kilikuwa kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, kila mmoja na kabila lake, wamekusanywa na misheni chini ya mlima, wakapewa majembe na majina mapya. Walimpenda Mungu kwa dhati. Lakini wengi wao walikuwa wameuzwa na watu waliowajua, wengine na wajomba zao wenyewe, kwa hiyo hofu ya chungu cha mwenzako haikuwatoka kabisa. Ndiyo maana ilikuwa desturi yao kwamba mwenye nyumba huonja kwanza. Iwe uji, iwe maji ya kunywa, mwenyeji hupiga funda moja mbele ya macho ya mgeni, ndipo mgeni apokee. Hata mke kwa mume. Asipoonja, huli.

Na walikuwa na desturi nyingine, nzuri mno, natamani ingekuwepo kwetu. Nyumba iliyofiwa ndani ya Kwaresima ndiyo iliyooka mkate wa karamu ya Pasaka, mkate mmoja mkubwa, wakaumega wote baada ya sala, ili ijulikane kwamba mauti hayakushinda katika nyumba ile.

Mwaka huo aliyefiwa alikuwa Damari. Mumewe, marehemu Silwano, mwalimu wa dini, alirudi kutoka kuhubiri vijiji vya bondeni katika wiki ya tatu ya Kwaresima. Aliingia jioni, akanywa uji wa mkewe, na kabla jogoo hajawika alikuwa amekwisha kufariki. Wazee wakaja. Mzee wa kanisa, jina lake Klemensi, ndiye aliyeshika mambo yote kwa kuwa padre alifika mara chache mno kwa mwaka, na yeye akamwuliza mbele ya watu, "Binti, ulionja?"

Sasa tazameni. Angeweza kusema ndiyo. Nani angejua? Walikuwa wawili tu chumbani, na mmoja ni maiti. Neno moja, na angebaki na nyumba yake na heshima yake. Lakini Damari alimhofu Mungu kuliko alivyowahofu wazee. Akasema, "Sikuonja, baba. Mtoto alikuwa analia, nikampa mwenzangu bakuli nikaenda kunyonyesha."

Basi, kwa ukweli huo wakamhukumu! Hakuna aliyethubutu kusema waziwazi kwamba ameua. Waliacha tu kuja. Waliokuwa wakichukua moto kwake wakachukua kwingine. Waliokuwa wakisaga naye wakasaga mbali, ndipo akaanza kusaga peke yake, usiku, ili asione migongo yao. Kisha katika Juma Kuu wakamletea amri: mkate wa Pasaka utaokwa nyumba nyingine, na Jumatatu ya Pasaka mtoto wake Onesimo atachukuliwa alelewe nyumbani kwa mzee wa kanisa, naye mama aende zake ng'ambo ya mto. Mtoto wa miezi mitano! Midomo inaimba zaburi, mikono inamnyang'anya mtoto ziwa la mama yake. Mimi nami ni mzazi, na nikifika hapa hushikwa na ghadhabu, na woga pia, kwa sababu kama dhuluma ilimpata mja mwema kama yule, ambaye kosa lake ni kutosema uongo, nani kati yetu yuko salama?

Damari akasema moyoni mwake: mkate ni wa nyumba iliyofiwa, na iliyofiwa ni yangu. Wakiutupa, wautupe. Mimi nitaupeleka. Ndiyo maana alikuwa anasaga.

Mara akasikia mtu mlangoni. "Hodi hapa."

Damari akaushika mchi wa kinu uliokuwa pembeni. "Nani?"

"Mpita njia. Nimesikia jiwe. Palipo na jiwe pana unga."

"Pita tu, baba. Nyumba hii hailiwi chakula."

"Kuna njaa?"

"Chakula kipo. Wa kukila ndiye hayupo."

Yule mtu akacheka kidogo. "Basi nimekuja wakati mzuri."

Alikuwa mtu wa makamo, miguu imejaa vumbi la bondeni, na taa ya mafuta ilikuwa ndogo, kwa hiyo uso wake Damari hakuuona vizuri. Aliona haya kumfukuza mgeni usiku kama ule. Akamtandikia mkeka. Mgeni akaketi, akamwuliza kwa nini analia huku anasaga. Damari hakuwa anajua kwamba analia. Hapo yakamtoka yote.

"Unaniuliza mimi? Kwani wewe unatoka wapi, hujasikia? Mume wangu alilitembea bonde zima kwa miguu kuwaambia watu kwamba Bwana yu hai. Yu hai! Miaka mitatu anawaambia. Akarudi akafa mikononi mwangu, na huyo aliye hai hakuja. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake usiku kucha mpaka sauti ikakauka. Kesho wataimba kwamba kaburi li wazi. La Silwano halijafunguka, nimekwenda kulitazama kila asubuhi. Na keshokutwa wananichukulia mwanangu. Kama kweli amefufuka, baba, mbona hajapita mlango huu?"

Mgeni hakumkemea. Hakumwambia asikufuru, hakumwambia ashukuru kwa yote, kama wanavyopenda kutuambia watu walioshiba. Alisema tu, "Nina njaa, mwanangu."

Damari almanusura amtoe nje. Mtu unamweleza msiba, yeye anakwambia njaa! Lakini akachukua unga kidogo, akaukanda, akauoka mkate mdogo juu ya kigae. Ulipoiva akauinua aupeleke kinywani, aonje kwanza kama ilivyo desturi. Mgeni akanyoosha mikono akauchukua.

"Sijaonja!" akasema Damari. "Baba, sijaonja. Hujui wanavyosema juu yangu?"

"Najua."

Akainua macho, akashukuru, akaumega, akala yeye kwanza. Kisha akampa.

Ndugu zangu, tangu kijiji kile kijengwe hakuna mgeni aliyewahi kula kabla ya mwenyeji wake. Anayekula kwanza ndiye anayejitia hatarini kwa ajili ya mwenzake. Ni nani huyo basi, aliyekubali kuionja mauti kwanza ili mwingine ale kwa amani? Uso wake Damari hakuuona, na sauti yake hakuwahi kuisikia kabla. Lakini alipomwona anatafuna, alimjua. Akakaa chini palepale penye unga na kile kipande mkononi.

Wakati huo Mzee Klemensi alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Alikuwa ametoka kwake kuja kulinyamazisha lile jiwe, na aliyaona hayo yote. Mgeni akageuka, akamnyooshea naye kipande. Mzee akasema neno, neno ambalo nitalisema mwishoni, na hakukipokea. Mtoto akalia. Damari akageuka kumweka sawa kwenye mbeleko, na alipotazama tena mkeka ulikuwa mtupu. Kipande alichokikataa mzee kilikuwa juu ya jiwe la kusagia. Klemensi alikuwa bado amesimama katikati ya mlango, na hakuna aliyempita.

"Umemwona, baba?"

"Nimeona mchuuzi wa chumvi," mzee akasema, lakini meno yake yalikuwa yanagongana. "Lala, mwanangu. Na usimwambie mtu." Akakichukua kile kipande, akakifunika kiganjani, akaenda zake.

Wapo mpaka leo wanaosema alikuwa mchuuzi wa chumvi. Haya, na awe mchuuzi! Kijiji kizima cha waliobatizwa kilishindwa kumeza tonge lake, mchuuzi mmoja akaweza. Waulizeni hao, kama Bwana hakuwa katika yule, basi siku hiyo alikuwa katika nani?

Kulipopambazuka wakasali, wakaketi kwa karamu. Damari akatokea, mkate mkubwa katika ungo kichwani, mtoto mgongoni. Bi Eunike, jirani yake, mwanamke mwenye kinywa, akapaza sauti. "Haya jamani, mkate wa usiku huo umefika! Mwenye roho mbili ale, moja abaki nayo!" Wengine wakacheka.

"Aonje kwanza!" wakasema wanaume.

"Sionji," akasema Damari. Ungo hakuutua. "Unga wake umekwisha kuonjwa."

"Na nani?"

Akamtazama Mzee Klemensi. Angeweza kumtaja mbele yao, alikuwa na haki, nami ningemtaja. Alisubiri tu. Wakageuka wote kumtazama mzee, na mzee akasimama kwa shida kama mtu aliyebebeshwa gogo. Akafungua kiganja. Kipande cha jana kilikuwa bado humo.

"Silwano alinitumia habari kutoka bondeni," akasema. "Kwamba homa imemshika, hawezi kutembea, nimpelekee watu wenye machela. Nikamjibu amalize kwanza vijiji viwili vilivyobaki, Mungu atamtia nguvu. Alikuja kwa miguu, alikuja kufa. Nilijua hivyo siku ile niliyomwuliza binti huyu kama alionja. Nilijua, na nikauliza."

Kisha akala kile kipande mbele yao wote, bila kumwomba mtu amwonjee.

Bi Eunike akajifunika uso kwa nguo yake. Mmoja akaja akamega, kisha mwingine, na wengine walimega huku wanalia, na mkate ukaisha. Onesimo hakuchukuliwa, si Jumatatu ile wala siku nyingine yoyote. Damari hakutabasamu, wala hakusema asante, kwani asante ya nini? Alimwambia mzee maneno machache tu: "Wiki nne, baba." Wiki nne alizoachwa peke yake na msiba wake, na mtu mmoja anajua ukweli. Watu husema mja mwema husamehe upesi. Si kweli. Damari alisamehe polepole, na subira yake ilikuwa humo.

Tunaambiwa tumtafute Bwana aliyefufuka, nasi tunatazama juu, tunatazama madhabahuni. Pengine yuko mahali pale tulipokataa kula. Nawaogopea wanangu, najiogopea mimi mwenyewe, kwamba siku moja atanyoosha mkono na kipande ndani yake, nami nitasimama mlangoni nikiwa na desturi zangu.

Sasa lile neno. Tusingelijua kama Klemensi asingelisimulia mwenyewe uzeeni, kila Pasaka, mbele ya watoto, akiwa analia. Jioni ya siku ile ya karamu alikwenda nyumbani kwa Damari, akabaki nje, akasema, "Mwanangu, waliyosikia watu leo si yote. Aliponinyooshea kile kipande, unajua nilimwambia nini? Nilisema, 'Binti huyu aonje kwanza.' Yeye, mwanangu! Nilimwambia Yeye!"

Damari alikuwa ananyonyesha. Alingoja mpaka mtoto akaliacha ziwa.

"Nilisikia, baba," akasema. "Nilikuwa karibu. Ingia ule. Sitamwambia mtu mwingine."