Mpera wa Nyuma ya Jiko

Hapo zamani, enzi ambazo kila mti uliitwa kwa jina la aliyeupanda, aliishi mjane mmoja, Nyamizi, ambaye hakujaliwa mtoto. Wenzake walikuwa na wajukuu wa kubeba majina yao. Lake halikuwa na wa kulibeba, na jambo hilo lilimuuma.

Siku moja mbuzi wa Kashindye, jirani yake, aliingia shambani kwa Mzee Masanja, akala mapera akashiba. Masanja akamtimua kwa mawe. Mbuzi mbio, mbio, mpaka uani kwa Nyamizi, akajificha humo hadi kesho yake. Ua mzima ukajaa kinyesi.

"Kashindye! Njoo uone mbuzi wako alivyonichafulia!"

"Mbuzi wangu yupo zizini, mama. Huyo simjui kabisa."

Nyamizi akafagia kwa hasira, akatupa yote nyuma ya jiko, pale anapomwaga maji ya vyombo. Pakaota mche. Akauzungushia miiba. Mche ukawa mti, mti ukazaa mapera, na Nyamizi akafurahi mno: hatimaye kitu kitaitwa kwa jina lake.

Mzee Masanja akaja. "Shemeji, mbegu zilikuwa zangu. Na nisingemtimua yule mbuzi, zingefikaje hapa? Huu ni mpera wa Masanja."

Kashindye naye akaja, anahema. "Mbegu alizibeba mbuzi wangu tumboni. Huu ni mpera wa Kashindye."

"Mbuzi wako?" Nyamizi akacheka hadi kanga ikamdondoka begani. "Si ulisema humjui? Nimefagia mimi, nimemwagia maji mimi, nimeuzungushia miiba mimi. Huu ni mpera wa Nyamizi."

"Ulikuwa unatupa uchafu, mama," Kashindye akasema. "Hukuwa unapanda."

Lilikuwa neno la kweli, na lilimchoma Nyamizi. Lakini mapera yalikuwa yameiva, na wageni ni wageni. Akawachumia ungo mzima, wakaketi watatu kivulini, wakala kwa raha zao.

Mara akapita msafiri, akasimama kunusa. "Mapera yananukia haya! Mpera wa nani huu?"

Wote watatu wakajibu kwa pamoja, vinywa vimejaa, na msafiri hakuambulia jina hata moja.

Bado amesimama pale njiani, anangoja. Haya, mlioketi hapa, mjibuni nyinyi: je, mpera huu ni wa nani?