Gunia Linalonuka

Siwema alikuwa akikausha tope la vyooni na kulifanya mbolea, nyuma ya ghorofa la Bwana Lukindo. Siku moja tajiri huyo akamleta mwenyekiti wa mtaa.

"Uvundo wa huyu binti umetushinda! Ahame leo!"

"Shikamoo, mzee," alisema Siwema. "Magunia haya mawili, moja ni langu, jingine la jirani. Nusa. Mwenye gunia linalonuka ndiye ahame."

"Nimekubali!"

Lukindo alinusa la kwanza, halikunuka, akalisogeza kando. Aliponusa la pili, aliruka nyuma akiziba pua.

"Hili hapa! Mwenyekiti, umeshuhudia?"

"Nimeshuhudia."

"Basi nikusaidie kufunga mizigo, mzee," alisema Siwema. "Hizo ni taka za jikoni kwako. Nimezizoa asubuhi."