Kwa Nini Chungu Hugongwa Mara Mbili

Mmekwisha kuwaona wanawake wakinunua vyungu pale gulioni. Mnunuzi hukiinua chungu kwa mkono mmoja, hukigonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, kisha husikiliza. Muuzaji naye hugeuza uso pembeni na kusema neno moja kwa sauti ya chini. Watoto hucheka wakidhani ni mchezo. Si mchezo. Tulieni niwaeleze desturi hii ilikotoka.

Zamani, katika vilima vya Mkanyeni, chungu cha mtu aliye hai hakikugongwa. Kugonga chungu lilikuwa jambo la msibani. Mfinyanzi alipofariki, ndugu zake walichukua chungu chake cha mwisho, wakakigonga mara tatu wakimwita, na aliposhindwa kuitika, walikivunja juu ya kaburi lake. Kwa hiyo kumgongea mwanamke chungu chake angali anapumua kulikuwa sawa na kumwombea kifo, na watu wa Mkanyeni walikuwa na adabu hata ikawazidi. Walinunua vyungu kwa macho tu, wakashukuru, wakaondoka.

Hapo hapakuwa na ubaya, maana mfinyanzi alikuwa mmoja, Nakiete, na vyungu vyake havikuhitaji kugongwa. Udongo aliuchimba mwenyewe bondeni, akaukanda hadi mabega yakafa ganzi, akaviringisha gunzi la mahindi shingoni mwa chungu kukitia nakshi, akakianika kivulini siku kumi na mbili. Kukichoma alitumia magome ya mti mgumu kutwa nzima, na hakuondoka motoni hata kama kwake kulikuwa na wageni. Kwa mwezi alitoa vyungu vinne au vitano, basi. Mwenye haraka alisubiri. Vilikuwapo vyungu vyake vilivyopikiwa harusi ya mama na baadaye harusi ya binti.

Ndipo alipokuja mchuuzi kutoka ng'ambo ya mto na punda watatu. Vyungu vyake vilikuwa vyepesi, vyekundu, vinang'aa kwa utomvu, na kwa kibaba cha maharage ulipata viwili. Watu walivipapia. Tusiwalaumu sana. Mwaka ule mavuno yalikuwa haba, na mtu mwenye watoto wenye njaa hana sababu ya kupita chungu rahisi akaenda kusubiri cha ghali. Hata Nanzia, wifi yake Nakiete na mwandani wake tangu siku Nakiete alipoolewa na kaka yake, alinunua vitatu, akavificha nyuma ya ghala ili wifi yake asivione. Nakiete aliviona. Ilimuuma, na siku ile hakumaliza ugali wake.

Asichokijua mtu ni kwamba vyungu vile vilichomwa kwa nyasi kavu, muda wa kuchemsha kunde tu, na vilivyopata ufa vilizibwa kwa nta na kupakwa rangi juu. Konzi moja ingefichua yote. Lakini nani angegonga?

Kiangazi kikafika. Binti yake Nanzia alikuwa amejifungua, na siku ya nne mama yake alikuwa akimpikia uji. Nta ikayeyuka, chungu kikapasuka mekoni, uji wote ukamwagika na kumuunguza Nanzia mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Nakiete alifika na chungu chake, akabandika uji mwingine, akamfunga wifi yake mkono kwa jani la mgomba. Hakumsema. Nanzia ndiye aliyelia, na si kwa ajili ya mkono.

Baada ya hapo watu walirudi kwa Nakiete, na mchuuzi akaona biashara imemponyoka. Msidhani alikuwa shetani. Naye alikuwa na watoto wa kulisha huko kwao. Lakini alichokifanya kilikuwa kibaya. Alinunua chungu kimoja cha Nakiete, akaenda nacho, na baada ya miezi miwili akarudi na mzigo wa vyungu vya rangi ya majivu, vizito, vyenye alama za gunzi shingoni, akawanong'oneza wanunuzi kwamba vimetoka kwa Nakiete. Hata Nakiete mwenyewe alivitazama akashindwa kuona tofauti.

Vyungu hivyo navyo vikaanza kupasuka, na lawama zikamwendea Nakiete. Wakasema uzee umemwingia mikononi. Wakasema siku hizi analipua kazi. Mama mmoja alimmwagia vigae mlangoni na kuondoka bila salamu. Nakiete aliviokota kimoja kimoja, akapitisha kidole kwenye nta, akaelewa. Kukosa wanunuzi alikuwa amekuvumilia. Jina lake kuzikwa naye yu hai, hilo hakuliweza.

Siku ya gulio alikwenda na chungu kimoja tu, akakiweka chini mbele ya vyungu vya mchuuzi, kisha akamwita Nanzia mbele ya watu wote.

"Wifi," alisema, "kigonge."

Nanzia alirudi nyuma. "Siwezi, wifi yangu. Nikugonge ungali hai, nitamwambia nini kaka yangu?"

"Mwambie nilikuomba. Hawa wameshanizika kwa vyungu visivyo vyangu. Wewe nigonge, nami nitaitika."

Nanzia alipiga magoti. Mkono wake ulikuwa bado una ngozi mpya. Aligonga, na chungu kikalia kwa sauti safi iliyokaa hewani kama kengele ya mbuzi. Nakiete aligeuza uso, maana machozi yalikuwa yakimtoka na hakutaka mchuuzi ayaone.

"Nipo," alisema.

Nanzia akagonga tena, na Nakiete akaitika tena. Mkono ulipoinuka mara ya tatu, Nakiete aliudaka.

"Hiyo niwekee."

Kisha Nanzia akahamia kwenye vyungu vya mchuuzi. Kimoja baada ya kingine vilitoa sauti ya boga lililooza. Mchuuzi hakungoja kuambiwa. Alipakia mizigo yake na kushika njia ya mtoni, wala hakuna aliyemfukuza. Watu walibaki wakitazama chini. Nakiete aliwaambia kwamba vyungu vyake bado vitachukua muda uleule, na asiyeweza kusubiri aje bondeni na jembe. Kesho yake walikwenda wanawake saba, Nanzia akiwa wa mbele.

Na tangu siku hiyo, mnunuzi hugonga chungu mara mbili, na mfinyanzi hugeuza uso na kusema "Nipo," hata kama hana la kumliza. Anayegonga mara ya tatu hauziwi, hata alete gunia zima la maharage.

Chungu kile cha gulioni hakikuuzwa. Nakiete alipofariki, uzeeni, Nanzia alikibeba hadi kaburini na kukigonga mara moja tu, kwa kuwa zile mbili zilikwisha kuitikiwa. Kililia vilevile kama siku ile. Alisikiliza hadi sauti ikaisha kabisa, ndipo akakubali kukivunja.