Mrithi wa Jina la Roquepie

Zama zile makabaila wa Ufaransa walijiita kwa majina ya ngome za mababu zao. Baroni Gontran alikuwa na mashamba na askari wengi, ila jina la namna hiyo hakuwa nalo, kwa kuwa babu yake aliuza chumvi. Basi akaenda na askari wake hadi ngome ya Roquepie, kwa Ermeline, mjane asiye na mtoto, ambaye ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa wa kale kuliko wa mfalme.

"Bibi, nataka ngome na jina. Kesho uwe umeondoka."

"Ngome utaichukua kwa upanga, Bwana Baroni," mjane akajibu kwa unyenyekevu. "Jina hurithiwa tu. Ukilipora, makabaila wenzako watakucheka."

"Basi nirithishe!"

"Mimi ni nani nikukatalie?"

Kesho yake kanisani, mbele ya askofu na makabaila wa jimbo, Ermeline alimrithisha jina, na Gontran akaapa kuwa mwana wa kupanga wa marehemu mumewe, kwa haki zote na wajibu wote wa mwana. Akatangazwa Gontran wa Roquepie. Hapo akamgeukia Ermeline.

"Haya, bibi, funga virago."

Ermeline hakujongea. "Baba Askofu, mila yasemaje juu ya mjane wa baba?"

"Mwana hamfukuzi. Humtunza ngomeni mpaka afe. Akikataa, hupoteza urithi na jina."

Makabaila wote wakamtazama Gontran.

"Twende nyumbani, mwanangu," Ermeline akasema, akimkabidhi joho lake alibebe. "Nawe utembee nyuma, mama yako hapendi kutimuliwa vumbi."