Ukuta wa Bi Nyanzala

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni, iingie!

Zamani Panya alikuwa na mke, Bi Nyanzala. Kila mwaka, kabla ya masika, mke huyu alikandika upya ukuta wa nje, kisha akachora juu yake. Hakufundishwa na yeyote. Alichovya mkia katika majivu, akachora. Alichovya mkia katika udongo mwekundu, akachora.

Mwaka wa mwisho alimchora mumewe.

“Mbona masikio makubwa hivi?” Panya akauliza.

“Labda yatasikia. Nimekuomba ngazi tangu juzi.”

Bi Nyanzala akaenda kwa Fisi, mkuu wa Nyumba ya Maonyesho, kumwomba aje auone ukuta.

“Umesomea wapi kuchora?”

“Sikusoma, bwana.”

Fisi akacheka, kwe-kwe-kwe! Akafunga mlango. Bi Nyanzala aliporudi nyumbani, mumewe akamwambia, “Si nilikuambia?”

Bi Nyanzala akafa. Mwaka uliofuata wageni wa mbali wakapita, wakauona ukuta, wakausifu kila walikokwenda. Fisi akatuma salamu: “Kesho naja kuuchukua. Utakaa kwangu, chini ya paa, na jina langu mlangoni.”

Panya akachovya mkia katika masizi, akaupaka ukuta wa jikoni, pa! pa! pa! Ukuta wa mkewe akaufunika kwa kuni.

Fisi akaja, ko! ko! ko!

“Pole na msiba, bwana mdogo. Ndio huu?”

“Ndio wenyewe, mheshimiwa. Doa lile ni huzuni yake.”

“Naliona!” akasema Fisi, ambaye hakuona kitu. Akaubomoa ukuta wa jikoni, akaukokota, kwaru! kwaru! Watu wakajaa kwake, wakayatazama masizi, wakafuta machozi. Panya alicheka hadi sharubu zikamuuma.

Kisha masika yakaingia. Chwa! chwa! chwa! Kuni hazikuzuia kitu. Ukuta ulikuwa haujakandikwa mwaka huo, na mkandikaji hayupo. Panya alisimama mvuani ameshika mkeka juu ya kichwa, akiukinga ukuta, siku tatu. Wekundu ukaondoka. Majivu yakaondoka. Yakabaki masikio mawili, nayo yakaondoka.

Kwa Fisi, chini ya paa, masizi ya jikoni yalikuwa makavu kabisa. Yapo hadi leo.

Basi, wasikilizaji wangu, jifunzeni: mjanja hapotezi kitu.

Hadithi inaaga!
— Ifungulieni mlango, iende.