Chungu Hugongwa, Mtu Huulizwa

Ngo. Ngo. Ngo. Kabla hujauona moshi, kabla hujawaona wanawake walioinama majivuni, ungeusikia mlio huo ukipanda mteremko wa kitongoji chetu huku milimani Upare. Ni kidole kilichokunjwa, kikigonga chungu kilichotoka motoni. Methali mliyoisikia leo, wajukuu zangu, kwamba chungu hugongwa, mtu huulizwa, ilizaliwa katika mlio huo, na ilizaliwa nyumbani mwangu. Mmeniuliza chanzo chake. Nitawaambia, ingawa humo ndani sina sifa yoyote.

Mama yangu, Nambike, alikuwa mfinyanzi, na hapakuwa na sikio kama lake. Chungu kizima kikigongwa hulia kama kengele. Chenye ufa, hata ufa usioonekana kwa macho, hulia butu, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Mama aliweza kuwapa mgongo wenzake wakagonga vyungu ishirini, naye akawaambia, "Cha tano na cha kumi na mbili, vunjeni." Hakukosea. Akazoea kutokosea, na hapo ndipo ubaya ulipoingia.

Nilimwoa bibi yenu Namkunda nikiwa kijana mwenye kiburi. Mimba yake ya kwanza ilifika mwezi wa nane, mtoto akazaliwa amekufa. Tulimzika asubuhi. Kwa desturi ya siku zile mtoto wa namna hiyo hakutajwa tena, eti ukimtaja atageuka nyuma na kumwita mdogo wake. Basi tukanyamaza. Nilidhani kunyamaza ndiko kupona.

Mwaka uliofuata akapata mimba nyingine. Tumbo likakua vizuri, ngozi ikang'aa, na Namkunda akawa mkimya. Mama akafurahi. Aliwaambia wenzake, "Mkamwana wangu hana neno. Kutwa hamsikii sauti yake." Mimi nami nikajisifu kwa vijana wenzangu kwamba nimepata mke mtulivu. Hakuna aliyeona kwamba ugali wake ulikwenda kwa kuku. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa akimega udongo wa kufinyangia na kuula kwa siri, wala kwamba alilala macho wazi mpaka jogoo anawika. Nililala naye kitanda kimoja, na sikujua.

Mwezi wa saba mama alimpeleka zahanati. Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno makavu, aliyeitwa Mama Navoneiwa. Alimpima uzito, akatazama kadi, akampima tena.

"Hujaongezeka hata kidogo tangu mwezi uliopita," akasema. "Unalala vizuri?"

"Analala kama gogo," mama akajibu.

"Unakula?"

"Anakula, tena anakula vizuri."

"Mama, nimemuuliza yeye."

"Na mimi ndiye ninayeishi naye," mama akasema. "Namjua."

Nesi alimtazama Namkunda kwa muda. Namkunda akatazama sakafu. Wakapewa vidonge vya kuongeza damu, wakaambiwa habari za maharage, mboga za majani, mayai, kupumzika mchana na kutembea jioni, na kuacha kula udongo kama alikuwa anakula. Mama alicheka njia nzima. "Kula udongo! Huyu nesi anadhani tunafuga minyoo?"

Wiki mbili baadaye ikawa siku ya kuchoma vyungu. Kulikuwa na mwiko: mjamzito hasogei karibu na moto, vyungu vitapasuka. Basi wanawake wote walishuka bondeni, Namkunda akaachwa peke yake. Mimi nilikuwa shambani, kwa maana mwanamume naye hakutakiwa huko.

Vyungu vilipotolewa, mama akaanza kugonga. Cha kwanza butu. Cha pili butu. Cha sita, cha saba, butu. Mwenzake Nakiete, mwanamke wa mdomo mwepesi, akapaza sauti: "Nambike! Mkamwana wako amepita hapa na tumbo lake!"

Wengine wakacheka. Mama akatupa kitambaa chini, akapanda nyumbani kwa hasira ili kumhoji. Nyumba ilikuwa tupu. Jiko lilikuwa la baridi, na nyayo zilionekana kwenye tope, zikielekea kwenye shimo tulimochimba udongo wa vyungu.

Shimo hilo lilikuwa na kina cha watu wawili. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, ukuta wake mmoja umeinama na kupasuka, na kitongoji kizima kilikuwa kimekatazwa kushuka. Namkunda alikuwa amekaa chini kabisa, mgongo wake kwenye ukuta ule, mikono juu ya tumbo.

Nakiete, aliyemfuata mama kwa udaku, alinikimbilia shambani. Nilipofika ukingoni mama alikuwa akipiga kelele.

"Toka humo! Una wazimu? Nasema toka!"

Namkunda hakuinua hata kichwa.

Nikataka kuruka ndani. Mama akanizuia kwa mkono. Akavua kandambili zake, akashuka kwa vidato vilivyochongwa kwenye udongo, polepole, mwanamke wa miaka sitini. Akaketi kwenye tope karibu naye. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Namkunda. Una nini, mwanangu?"

Namkunda akazidi kulikumbatia tumbo.

"Yule wa kwanza," mama akasema, na Nakiete aliyesimama kando yangu akashika mdomo, "ulitaka kumpa jina gani?"

Ndipo Namkunda akalia. Hakulia kwa adabu kama msibani. Alilia kama kitu kinachong'olewa.

"Mbazi," akasema. "Nilitaka kumwita Mbazi. Hakuna anayemtaja. Na huyu akicheza tumboni namwogopa, mama. Nikimpenda ataondoka. Nimechoka. Nilikuja kukaa hapa tu, ukuta uamue wenyewe."

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

Namkunda akamgeukia. "Kwa nini hukuniuliza? Kila siku unagonga vyungu vyako kimoja kimoja. Mimi uliniuliza lini?"

Swali hilo lilinipata na mimi kule juu. Ningalikuwa na aibu kidogo ningalimuuliza mwenyewe tangu mwezi wa kwanza.

Mama alimshika mkono, wakapanda. Ukuta ulisimama. Msitegemee niwaambie ulianguka nyuma yao kama katika ngano. Ulisimama, lakini wao hawakujua kwamba ungesimama.

Kesho yake mama alimrudisha zahanati. Nesi alipouliza maswali yake, mama alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Namkunda alijibu mwenyewe, akakaa ndani kwa nesi muda mrefu, na baadaye akapelekwa hospitali ya wilaya kwa mtaalamu wa kuwasikiliza watu wa namna hiyo. Hakupona kwa siku moja. Kuna asubuhi mama alimuuliza, "Umeamkaje moyoni?" naye akajibu, "Vibaya." Basi kazi iliachwa, wakatembea wawili mpaka kijitoni na kurudi. Akaanza kula. Alikula maharage, mchicha, uji wa mtama. Udongo ukawa wa vyungu tu. Jina la Mbazi likatajwa mezani petu, naye hakugeuka nyuma kumwita mdogo wake.

Siku ya kuchoma iliyofuata, mama alimpeleka Namkunda bondeni, akamweka mbali na moshi lakini katikati ya mazungumzo. Alimuuliza hali mara tatu kabla hajagusa chungu. Nakiete hakuweza kujizuia.

"Nambike, sikio limezeeka? Siku hizi unauliza uliza tu!"

Mama alikuwa na chungu mkononi. Akakigonga, kikalia vizuri.

"Sikio langu ni lile lile," akasema. "Lakini chungu hugongwa, Nakiete. Mtu huulizwa."

Hakuna aliyecheka. Vyungu siku ile vilitoka vingine vizima na vingine vibovu, kama siku zote, na mwiko ukafa kimyakimya.

Mtoto alizaliwa katika mwezi wake, msichana, akilia kwa nguvu. Wanawake walijaa chumbani wakimsifu mtoto, wakimwinua, wakisema amefanana na fulani. Mama akanivuta kando. "Wote wanamtazama mtoto," akaninong'oneza. "Chungu hugongwa, mtu huulizwa. Nenda."

Nikapita katikati yao. Nikapiga magoti kando ya kitanda, mimi niliyekuwa na kiburi, mbele ya wanawake wote wale, nikasema kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia:

"Namkunda, miezi tisa nililala kando yako bila kukuuliza. Kuanzia leo nitakuuliza kila siku, na sitaondoka kabla hujanijibu."