Kwa Nini Zabibu ya Mapema Huchambuliwa kwa Kukaa

Wakati huo mizabibu yote ya Chilindima ilikuwa na adabu ya kuiva siku moja. Ikishakatwa matawi ililala pamoja, ikaamka pamoja, na vishada vikageuka rangi bondeni na mlimani kana kwamba vimepigiwa filimbi. Hakuna aliyekwenda shambani kuchungulia. Watu walikaa zao, na siku ikifika walibeba vikapu. Sasa nyinyi mnauliza kwa nini leo upo mzabibu unaowatangulia wenzake kwa mwezi mzima, na kwa nini mvinyo wake huchemka mtungini bila moto. Tulieni basi, maana yote hayo yaliletwa na mtu asiyeweza kutulia.

Mtu huyo aliitwa Sechelela, kitindamimba wa Mbeho, mjane aliyeipanda mizabibu ya ukoo kwa mikono yake mwenyewe. Sechelela alikuwa mguu na njia tangu utotoni. Alikula akitembea, alisalimia akiwa ameshapita, na ukimtuma kuni alirudi na kuni, maji na habari za kijiji kizima. Mama yake alipenda kumtania kwamba kigoda chake ndicho kipya kuliko vyote nyumbani, kwa kuwa hakijawahi kukaliwa.

Mwaka huo Mbeho akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na mganga aliyeitwa aliondoka bila kudai hata kuku. Hilo lilimtisha Sechelela kuliko ugonjwa wenyewe. Jioni ile mama alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, natamani tufanye mvinyo wa mwaka huu, mimi na wewe." Mavuno yalikuwa miezi miwili mbele, na kila aliyemtazama mgonjwa alijua kwamba hafiki huko.

Sechelela naye alijua, ila moyo wake ulikataa katakata. Aliuchomoa mkono wake, akatoka mbio hadi kwenye mzabibu uliokuwa karibu zaidi na nyumba, akaanza kuutikisa. Mizabibu mingine ilikuwa imelala fofofo. Huu mmoja hakuuacha upate hata lepe. Alitwanga ardhi kwa mchi kandokando ya shina. Aliuimbia, na sauti yake, nasikia, haikuwa ya kuimbia mtu unayempenda. Machipukizi yalipotokea alizidi kuyahimiza, na vishada vilipofunga alinyofoa majani yote yaliyovikinga, jua livichome lipendavyo. Kila asubuhi aliminya tunda moja, akaonja, akatema, akaanza upya.

Mara kwa mara alikuja Masima, mke wa kaka yake, aliyekuwa akimuuguza mgonjwa.

"Wifi, mama anakuita."

"Mwambie naja."

Hakwenda. Au alikwenda akasimama mlangoni, akauliza kama mama amekunywa uji, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshafika shambani. Roho ilikuwa juu juu. Aliona kwamba dakika moja akikaa, kifo kitampita mbio na kuingia ndani. Nami simcheki kwa hilo. Nimewahi kuuguza, na najua miguu inavyowasha.

Siku ya thelathini mzabibu ulichoka. Wasemao wanasema uliongea, na kama ningesumbuliwa kiasi kile hata mimi ningeongea. "Nikiiva," uliuliza, "utaniacha nilale?" Sechelela akaapa kwamba atauacha. Basi ukaiva palepale, si kwa furaha, bali ili msumbufu huyo aondoke. Vishada vikawa vyeusi vikichuruzika utamu, huku mizabibu mingine yote ikiwa bado haijafumbua jicho.

Alivuna peke yake akiwa amesimama. Alinyofoa matunda vikonyoni kwa pupa, mengine pamoja na vikonyo vyake, akayakanyaga kihorini, akachuja, akamimina mtungini. Hapo ndipo alipokwama, kwa sababu mvinyo hauharakishwi kwa kutikiswa. Na juisi ile ilikuwa imelelewa na hangaiko lake tangu ikiwa chipukizi. Haikutaka kutuama. Ilitokota, ikatoa povu, ikavuma ndani ya mtungi. Sechelela aliuzunguka mtungi siku tatu, kisha uvumilivu ukamwishia. Akachota kata moja, chafu, yenye povu, akampelekea mama yake.

Mbeho alionja kidogo tu. Alitabasamu, akaiweka kata chini.

"Mvinyo nimeunywa miaka mingi, mwanangu," alisema. "Nilitaka tuchambue zabibu. Ndiyo kazi pekee iliyowahi kukukalisha karibu yangu."

Sechelela akahesabu siku. Siku thelathini na tatu zilikuwa zimekwisha, na zote alikuwa amezitumia akiwa nje. Alilia bila kujificha. Kisha akarudi shambani. Mzabibu ulikuwa unapukutisha majani, ukijiandaa kulala kama walivyokubaliana, na chini kabisa vilibaki vishada vichache alivyoviruka katika pupa yake. Alivikata taratibu, akavitandaza kwenye ungo, akaja kukaa kando ya kitanda.

Walichambua tunda moja moja. Mama alimweleza mche wa kwanza aliutoa wapi, na jinsi mbuzi alivyokaribia kuumaliza. Wakacheka. Mara Masima akaita kutoka uani, "Wifi, mtungi unafurika!" Sechelela akasikia mvinyo wake ukimwagika chini. Miguu ilimwasha, lakini hakuinuka. Akamwuliza mama yake yule mbuzi aliishia wapi.

Mbeho alifariki kabla ungo haujaisha, na tunda likiwa bado mkononi. Sechelela aliumaliza peke yake, akiwa amekaa palepale.

Na tangu siku hiyo mzabibu ule na vizazi vyake huiva kabla ya wenzao na kupukutika kabla ya wenzao, na mvinyo wake huchemka bila moto, nao hunyweka ungali na povu. Na tangu siku hiyo zabibu ya mapema huchambuliwa ndani, kwa kukaa, pamoja na aliye mkubwa kuliko wote katika nyumba, na anayechambua naye hainuki kwa lolote mpaka ungo uishe. Ndiyo maana leo asubuhi mlibisha hodi mkajibiwa karibu, wala hamkuona mtu akija kuwafungulia. Nilikuwa na dada yangu. Ana miaka themanini na sita, na vishada vilikuwa vimebaki vitatu.